Kibodi nyembamba isiyo na waya: maswali wanayouliza wanunuzi wa Lubumbashi

Wanaouliza ni wanafunzi wanaochapa kazi za mwisho wa masomo, walimu, wahasibu, akina mama wenye vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi, na vijana wanaofanya kazi za kompyuta nyumbani. Mimi nachapa kutwa, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, na kuna mambo ninayoyashikilia. Nimeyasema wazi.

Kibodi ziko nyingi kwenye meza ya muuzaji, zote nyembamba, zote zinapendeza. Nianze kuangalia nini?

Anza na herufi. Kabla hujauliza bei, tazama safu ya juu ya herufi, upande wa kushoto. Ukisoma A, Z, E, R, T, Y, hiyo ni AZERTY. Ukisoma Q, W, E, R, T, Y, hiyo ni QWERTY. Halafu uliza inavyoungana na kompyuta, kwa Bluetooth au kwa kipokezi cha USB, kile kipande kidogo unachochomeka kwenye kompyuta. Halafu uliza inatumia betri za kubadilisha au inachajiwa. Wembamba wenyewe uje mwisho. Watu wengi hapa mjini hununua kwa kufuata umbo, wakifika nyumbani ndipo wanagundua kwamba A haiko mahali pake. Umbo utalizoea kwa wiki moja, lakini herufi iliyohama itakusumbua kila unapokaa kuchapa.

Kwa nini hapa kwetu tunakuta AZERTY na QWERTY zimechanganyika?

Shule, ofisi na mahakama zetu hufanya kazi kwa Kifaransa, kwa hiyo wengi tulijifunza kuchapa kwenye AZERTY. Lakini bidhaa nyingi zinapita mpaka wa Kasumbalesa zikitoka Zambia na Afrika Kusini, ambako ofisi zinatumia Kiingereza, na nyingine zinaletwa kutoka Dubai. Ndiyo maana maboksi mawili yanayofanana kabisa yanaweza kuwa na kibodi mbili tofauti ndani yake. Usiamini picha iliyoko juu ya boksi. Fungua, tazama vitufe.

QWERTY ndiyo ya zamani zaidi: ilitokana na mashine ya kuchapa ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. AZERTY ilifuata kwa Wafaransa kabla karne ya 19 haijaisha, na Wabelgiji wakaichukua na kuigeuza kidogo. Kwetu ikaingia pamoja na utawala wao na mashine zao.

Kama nachapa Kiswahili tu, mpangilio una shida gani? Kiswahili hakina é wala ç.

Una shida kubwa kuliko unavyodhani. Herufi zinazohama kati ya AZERTY na QWERTY ni A, Q, Z, W na M, na Kiswahili kinazitumia nne kati ya hizo mfululizo: A, Z, W na M. Mtu aliyezoea AZERTY akikaa mbele ya QWERTY na kuchapa neno «wazazi» bila kutazama vidole, kwenye skrini linatokea «zqwqwi». «Wamekwama» linakuwa «zq;ekzq;q». Kwa Kiingereza ungekosea hapa na pale, lakini kwa Kiswahili karibu kila neno linaharibika.

Kwa hiyo ushauri wangu hauyumbi: nunua mpangilio ambao vidole vyako tayari vinaujua. Kama hujazoea wowote na utasoma au kufanya kazi Lubumbashi, chukua AZERTY. Kama unafanya kazi na kampuni za Zambia, au unajiandaa kwenda huko, QWERTY itakufaa zaidi.

Nimeshanunua QWERTY na muuzaji hataki kuirudisha. Sasa?

Kompyuta haisomi kilichoandikwa juu ya kitufe, inafuata mpangilio uliochaguliwa kwenye mipangilio yake. Ingia kwenye sehemu ya lugha ya Windows, ongeza Kifaransa, kisha utabadilisha kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kitufe kirefu cha nafasi. Anayechapa bila kutazama anamaliza shida yake hapo. Anayetazama vitufe anunue vibandiko vya herufi, achague vile vya rangi ileile ya vitufe, afute vitufe kwa spiriti kidogo kabla ya kubandika, la sivyo vitajikunja pembeni mapema.

Kuna jambo moja ambalo vibandiko haviliponyi. Kibodi nyingi za Kimarekani hazina kile kitufe kidogo kati ya Shift ya kushoto na herufi inayofuata, ambacho kwenye AZERTY hubeba alama za < na >. Kwa anayeandika barua si hasara. Kwa mwanafunzi wa informatiki, ni hasara ya kila mstari.

Njia nyingine ni kubaki na QWERTY na kuchagua mpangilio wa Marekani wa kimataifa. Hapo unabonyeza alama ya ritifaa (') kisha e, unapata é; ritifaa kisha c, unapata ç. Kifaransa kinaandikika. Ila Kiswahili kinaumia mahali pamoja: ukichapa «ng'ombe» unapata «ngómbe», na «ng'ambo» inakuwa «ngámbo», kwa sababu ritifaa inasubiri irabu ili iipande juu. Dawa yake ni kubonyeza kitufe cha nafasi mara moja baada ya ritifaa, ndipo uandike irabu. Mkono unazoea.

Rafiki yangu huandika é kwa kushika Alt na kuchapa 130. Kwangu haifanyi kazi. Kibodi ni mbovu?

Si mbovu. Namba zile (130 kwa é, 138 kwa è, 133 kwa à, 135 kwa ç) zinataka vitufe vya namba vya upande wa kulia. Kibodi nyingi nyembamba na ndogo hazina upande huo, na namba za safu ya juu hazikubaliki kwa kazi hiyo.

AZERTY ya Ubelgiji na ya Ufaransa zina tofauti gani?

Herufi ni zilezile, alama zinatofautiana. Tazama kitufe cha 2: ukiona @ imechorwa hapo, ni ya Ubelgiji. Ukiiona kwenye 0, ni ya Ufaransa. Kistari kifupi (-) na kile cha chini (_) navyo vimehama: kwa Mfaransa viko kwenye 6 na 8, kwa Mbelgiji viko pamoja kwenye kitufe kimoja mwishoni mwa safu ya namba. Hapa mjini tunazo zote mbili, kwa sababu kompyuta zilizotumika hutoka nchi zote mbili. Chagua kwenye Windows ile inayolingana na vitufe vyako, Kifaransa cha Ubelgiji au Kifaransa cha Ufaransa. Watu wengi wanaolalamika kwamba «kibodi haitoi @» wamechagua nchi isiyo yake.

Kibodi za Apple zina mpangilio wao tena: kwenye AZERTY yao ya Kifaransa, @ ina kitufe chake kushoto kwa 1. Ukiiunganisha na Windows, tarajia usumbufu.

Wembamba wenyewe unanisaidia nini?

Kifundo cha mkono. Kibodi nene inalazimisha kiganja kiinuke ili vidole vifikie vitufe, na ukikaa hivyo kwa saa nyingi, maumivu yanaanza juu ya kifundo na kupanda kwenye mkono. Kibodi nyembamba iko karibu na meza, kiganja kinalala karibu sawa. Hii ndiyo faida ninayoiamini kuliko zote. Lakini inapotea mara tu ukikunjua vile vimiguu vya nyuma, kwa sababu kibodi inainama kukuelekea na kiganja kinainuka tena. Viache vimekunjwa. Angalia pia urefu wa meza: viwiko vikae karibu na mbavu, mikono ya mbele iwe sambamba na sakafu. Meza nyingi za nyumbani kwetu ni za kulia chakula, ziko juu sana kwa kuchapa. Weka mto kwenye kiti kabla ya kulaumu kibodi.

Gharama ya wembamba ni mwendo mfupi wa kitufe. Kibodi nyingi za aina hii hutumia vipande viwili vya plastiki vinavyopishana chini ya kila kitufe kama mkasi, na kitufe hushuka kati ya milimita 1 na 2. Kibodi kubwa za kimekanika hushuka karibu milimita 4. Anayegonga kwa nguvu, hasa mzee aliyeanzia kwenye mashine ya kuchapa, atahisi vidole vinagonga sakafu. Apunguze nguvu, kitufe cha aina hii hakitaki kupigwa.

Nawezaje kuipima dukani wakati muuzaji anataka nilipe haraka?

Usikubali kuharakishwa. Kipimo chenyewe ni kifupi.

Chukua rula ya shule. Pima kutoka katikati ya herufi ya kwanza ya safu ya juu (A au Q) hadi katikati ya P. Kwenye kibodi yenye nafasi kamili utapata sentimita 17 na kidogo, kwa sababu kutoka kitufe hadi kitufe kuna milimita 19, na kutoka A hadi P kuna nafasi 9. Ukipata sentimita 15, vitufe vimebanwa, vidole vya mtu mzima vitagongana. Hakuna muuzaji atakayekuambia hilo, na huwezi kuliona kwa macho.

Kisha funga macho, utafute F na J kwa ncha za vidole. Vinundu vyake visikike wazi. Kwenye kibodi za bei ya chini vinundu hivyo mara nyingine ni vidogo kiasi cha kutoonekana, na mkono unaanza kusafiri bila kujua uko wapi.

Bonyeza kitufe kirefu cha nafasi pembeni kabisa kushoto, kisha kulia, kisha katikati. Kishuke sawasawa pote na kirudi bila kukwama. Fanya vivyo hivyo kwa Enter na Shift. Vitufe virefu ndivyo vinavyofichua kazi mbaya ya kiwandani. Shika kibodi pande zote mbili uipinde kidogo sana: ikilegea na kutoa mlio, itacheza mezani unapochapa.

Mwisho, iunganishe. Muuzaji makini ana kompyuta au simu ya kujaribia. Chapa sentensi mbili unazozijua, moja ya Kiswahili yenye a, w, z na m nyingi, moja ya Kifaransa kama «L'élève a reçu ça à Noël», ambayo ndani yake kuna é, è, ç, à na ë. Zikitoka sawa bila wewe kutafuta kitufe, umepata kibodi yako. Akikataa isijaribiwe, nenda meza nyingine. Mjini hapa, kutoka katikati hadi soko la mtaa wa Kenya, meza hazikosekani.

Bluetooth au kipokezi cha USB: ipi bora?

Kwa kompyuta moja ya mezani inayokaa mahali pake, kipokezi. Unakichomeka na kibodi inaanza kufanya kazi mara moja, hata kabla Windows haijafunguka. Jambo hilo lina maana kwa fundi anayeingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows: kibodi ya Bluetooth kwa kawaida haionekani huko, ya kipokezi inaonekana kama kibodi ya waya.

Kwa laptopu, tableti na simu, Bluetooth. Haichukui tundu la USB, na haina kipande cha kupoteza. Kibodi nyingi za Bluetooth hushika vifaa 3 na kuhama kutoka kimoja kwenda kingine kwa kitufe kimoja. Kama pesa inatosha, chukua inayokubali njia zote mbili.

Kompyuta yangu ni ya zamani, ina Windows 7. Bluetooth itakubali?

Kuna hatari isikubali. Bluetooth ya kutumia nguvu kidogo, iliyokuja na toleo la 4.0 mwaka 2010, Windows ilianza kuielewa yenyewe kuanzia Windows 8, na kibodi nyingi za sasa hutumia njia hiyo. Isitoshe, kompyuta nyingi za mezani zilizotumika Ulaya hazina Bluetooth kabisa. Nunua ya kipokezi, utalala usingizi.

Naweza kuchapa kazi yangu ya mwisho kwa simu na kibodi hii?

Ndiyo, na kwa mwanafunzi asiye na laptopu ni njia ya heshima kabisa. Simu za Android hupokea kibodi ya Bluetooth. Ukishaiunganisha, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kibodi ya nje, uchague Kifaransa, kwa sababu bila hivyo simu itadhani ni ya Kimarekani na A itatoka Q. Wakati wa kuunganisha, simu inaweza kukuonyesha namba: ichape kwenye kibodi yenyewe, kisha Enter. Wengi huichapa kwenye simu na kudhani kibodi imekufa.

Ya kipokezi nayo huenda kwa simu kama simu inakubali OTG, yaani kuchomekewa vifaa vya USB, na una adapta yake. Hifadhi kazi yako pia nje ya simu, kila jioni. Simu ikiibiwa kwenye basi, kazi inaenda nayo.

Betri za kubadilisha au ya kuchaji? Umeme wetu unaujua.

Naujua, na ndiyo maana napendelea betri za kubadilisha. Kibodi ya Bluetooth yenye betri 2 za AAA hukaa miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka, kwa sababu hulala yenyewe usipochapa. Zikiisha, unanunua nyingine kwenye kibanda cha jirani, hata kama mtaa wote uko gizani. Ya kuchaji ni nyepesi na haitupi takataka, lakini betri yake ya ndani ikizeeka, kwa nyingi kati yake hakuna fundi wa kuibadilisha.

Nunua betri za alkali. Zile za bei ya chini kabisa zinazouzwa barabarani huvuja mapema zaidi zikiachwa ndani. Zenye alkali nazo huvuja zikisahaulika: ukiona unga mweupe kwenye chuma, futa kwa pamba yenye siki au maji ya limau, kausha vizuri, ndipo uweke nyingine. Kibodi ikikaa likizo nzima bila kazi, toa betri.

Kwa waliochagua ya kuchaji: ichaji kutoka kwenye laptopu. Pawabanki nyingi hujizima zenyewe baada ya muda kwa sababu kibodi inavuta umeme mdogo mno, asubuhi unaikuta haijajaa ukadhani imeharibika. Na kama ina taa chini ya vitufe, jua kwamba taa ndiyo inayomaliza chaji: kibodi ileile inayokaa miezi bila taa inaweza kukaa siku chache tu taa ikiwaka. Taa inapendeza umeme ukikatika usiku, hilo silikatai.

Herufi zinaruka, nyingine zinajirudia mara tatu. Tatizo ni nini?

Badilisha betri kwanza. Zikiwa mpya na bado inaruka, angalia kipokezi umekichomeka wapi. Kibodi zisizo na waya huongea kwenye masafa ya 2.4 GHz, pamoja na Wi-Fi na hata oveni ya maikrowevu, na tundu la USB 3.0, lile ambalo mara nyingi lina rangi ya buluu ndani, hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Kampuni ya Intel yenyewe ilichapisha maelezo ya tatizo hilo mwaka 2012. Hamisha kipokezi kwenye tundu la USB 2, au tumia waya mfupi wa kurefusha ili kikae mezani karibu na kibodi. Kompyuta ya mezani yenye kipokezi nyuma, chini ya meza ya chuma, inakinyima kipokezi nafasi ya kusikia.

Kiangazi vumbi jekundu linaingia kila mahali. Kibodi nyembamba italihimili?

Hapa ndipo penye udhaifu wake. Nafasi chini ya kitufe ni ndogo, kwa hiyo punje ndogo ya mchanga inatosha kukizuia. Apple walipotengeneza laptopu zenye vitufe vifupi mno kuanzia 2015, vile vya kipepeo, vumbi likawa kilio cha wateja dunia nzima, hadi 2018 kampuni ikafungua mpango wa kuvitengeneza bure, na baadaye ikaviacha. Vitufe vya mkasi vina nafuu kuliko vile, lakini somo lipo: kadiri kitufe kinavyokuwa kifupi, ndivyo vumbi linavyokuwa adui.

Kuanzia Mei hadi Septemba, funika kibodi kwa kipande cha kitenge kila unapoinuka. Mara moja kwa wiki igeuze uso chini, itikise taratibu, piga mgongo wake kwa kiganja. Pitisha brashi laini, ile ya kupakia rangi inafaa, kati ya mistari ya vitufe. Mafuta ya vidole yafute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kibodi ikiwa imezimwa. Usimwage kitu moja kwa moja juu yake. Using'oe vitufe ukiwa na haraka: vile vipande vya mkasi ni vyembamba, kimoja kikivunjika kitufe hakirudi tena.

Chai imemwagika.

Zima. Igeuze uso chini sasa hivi. Toa betri. Iache hivyohivyo kwenye kivuli chenye hewa siku mbili au tatu. Usiipeleke juani mchana wala karibu na mbabula, plastiki itapinda. Chai yenye sukari huacha ulimbo, na vitufe vingine vinaweza kubaki vinanata. Mpelekee fundi mwenye subira.

Mimi ni mhasibu. Nichukue ndogo isiyo na namba pembeni?

Hapana, mama. Chukua yenye namba pembeni, tena kama unatumia AZERTY, ambako namba za juu zinahitaji Shift kila mara. Kuna nyembamba zenye namba, zinachukua nafasi zaidi mezani, lakini jioni ya kufunga mahesabu utaona thamani yake. Au nunua kibao cha namba peke yake, ukichomeke ukikihitaji.

Nina kibanda cha kuchapa karibu na chuo kikuu, wateja wengi. Nibadilishe kibodi zote ziwe hizi?

Usifanye hivyo. Kibodi ya kibanda inapita mikono mingi, inagongwa, inamwagiwa, na kipokezi kinaweza kutembea mfukoni mwa mteja bila hata yeye kukusudia. Mbili zisizo na waya za aina moja zikikaa kwenye meza zinazofuatana, watu hubadilishana bila kujua na kila mmoja anachapa kwenye skrini ya mwenzake. Kwa kazi hiyo nunua za waya, AZERTY, vitufe vinene, na uweke ya akiba kabatini. Nyembamba iwe yako wewe mwenye kibanda, kwenye laptopu yako.

Mtu anaweza kusoma ninachochapa kupitia hewani?

Kwa baadhi ya kibodi za kipokezi, ndiyo. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba kibodi za bei nafuu za makampuni kadhaa zilikuwa zikituma herufi bila kuzifunga kwa siri, na aliye umbali wa makumi ya mita angeweza kuzisoma. Kwenye boksi tafuta maneno «AES 128», yaani njia ya kufunga herufi kwa siri, au tumia Bluetooth, ambayo hufunga mawasiliano yake ikishaunganishwa. Anayechapa nywila za benki au siri za wagonjwa asinunue kibodi isiyo na jina ya kipokezi.

Logitech K380 naiona mara nyingi. Mnaionaje?

Ni kibodi ya Bluetooth ya tangu 2015, ina gramu 423 pamoja na betri zake 2 za AAA, na inahama kati ya vifaa 3 kwa vitufe vya F1 hadi F3. Haina taa, haina namba pembeni, na vitufe vyake ni vya duara, ambavyo wengine huvipenda na wengine hukosea pembeni. Kwa mwanafunzi mwenye simu na laptopu naiona inafaa sana. Hakikisha tu ni AZERTY.

Nitajuaje ya bandia?

Kwangula herufi moja polepole kwa ukucha: wino ukitoka, iache. Soma maandishi ya boksi, Kifaransa chenye makosa ni ishara mbaya. Linganisha namba ya modeli kwenye boksi na ile iliyo chini ya kibodi. Bei ikiwa chini kupita kiasi kwa jina kubwa, kuna sababu. Ukilipa kwa dola, beba noti safi zisizochanika, na uandikiwe kwenye risiti modeli, tarehe na siku za kurudisha. Garantie ya mdomo tu haikusaidii siku ya ugomvi.

Kipokezi kimepotea. Naweza kununua kingine?

Mara nyingi haiwezekani, kwa sababu kibodi na kipokezi chake vimefungwa pamoja kiwandani. Lakini jaribu haya kabla ya kuitupa. Kama kibodi ina Bluetooth pia, endelea nayo bila kipokezi. Kama ni ya Logitech na mgongoni ina alama ndogo ya rangi ya machungwa yenye umbo la nyota, hiyo ni familia ya Unifying: kipokezi chochote cha familia hiyo kinaweza kuunganishwa nayo kwa programu ya bure ya kampuni, na kimoja hubeba hadi vifaa 6. Familia mpya, Logi Bolt, iliyoanza 2021, haiingiliani na ile ya zamani, kwa hiyo soma alama kabla ya kulipa. Unaposafiri, usikiache kipokezi kwenye tundu la laptopu. Kibodi nyingi zina kijumba chake ndani ya mlango wa betri, kirudishe humo.